Kabla ya daraja la tiketi angalia chumba kiko sehemu gani ya behewa: rivyu ya vitanda vya treni nilivyolalia

Nimeshuka kwenye treni juzi asubuhi baada ya usiku mbili njiani na shingo bado haigeuki vizuri upande wa kushoto, kwahiyo naandika nikiwa nakumbuka kila kitu. Daraja lilikuwa zuri, tena zuri sana, chumba cha vitanda vinne, mlango wa kufunga kwa ndani, shuka zimepigwa pasi, taa ndogo ya kusomea kila kitanda, soketi ya kuchaji inafanya kazi. Na sikulala. Alafu ukiniuliza ni safari gani ya treni nimewahi kulala vizuri kuliko zote nitakwambia ni ile ya mwaka jana kwenye behewa la wazi lisilo na milango, vitanda sita kila sehemu, vitatu huku vitatu kule, watoto wanalia, mtu anakoroma pembeni, na nauli haikufika hata nusu ya hii ya juzi. Tofauti ilikuwa moja tu, mwaka jana nilikuwa katikati ya behewa na juzi nilikuwa chumba cha mwisho kabisa, ukuta mmoja na choo.

Wengi wetu tukikata tiketi tunauliza mambo mawili, daraja gani na kitanda cha juu au cha chini. Ni maswali ya maana na nitayafikia. Ila la kwanza kabisa linatakiwa liwe chumba cha ngapi kati ya vingapi, na karibu hakuna anayeliuliza, mimi mwenyewe nimesafiri miaka na miaka bila kuliuliza.

Sasa nieleze kile chumba cha mwisho kilivyo, mana mtu ambaye hajalala pale anaweza akaona nakuza mambo. Komeo la mlango wa choo lilikuwa limelegea. Treni ikiingia kona mlango unafunguka taratibu, unasikia bawaba inalia kidogo, kimya, unasema afadhali umetulia, alafu kona inageukia upande mwingine na mlango unarudi pa! kwenye fremu, na ile fremu imeshikana na ukuta ambao kichwa changu kimeegemea. Saa nane usiku nikaamka nikakunja kipande cha gazeti mara nne nikakibana chini ya mlango, ukatulia kama nusu saa hivi, akaja mtu kutumia choo akakitoa, na sikumlaumu, angeingiaje. Alafu kuna taa. Sehemu ile ya mwisho pale kwenye milango ya kupandia taa haizimwi usiku kucha na mlango wa korido ni wa kioo, kwahiyo kila anayepita anaufungua na mstari mweupe unaingia kwenye ule upenyo wa mlango wetu, unaanzia miguuni unapanda mpaka usoni, alafu unafungwa. Nilijaribu kuhesabu mara ngapi nikaacha. Na kila kituo cha usiku wanaoshuka na wanaopanda wote wanapitia pale na mabegi yao ya magurudumu, wanaulizana namba kwa sauti ya mchana.

Usiku wa pili harufu ikaanza. Sina la kuongeza hapo.

Nilimwendea mhudumu wa behewa, mtu mwungwana kabisa, akaniambia treni imejaa hakuna pa kunihamishia, akaleta kamba akafunga lile komeo kwa muda. Malalamiko yangu hayako kwake. Yako kwa utaratibu wa kukata tiketi wa hiyo kampuni, unakupa chumba bila kukuonyesha ramani ya behewa, mtu analipa hela ya daraja la juu anauziwa chumba cha mlangoni kwa bei ileile ya chumba cha katikati, na haambiwi. Hiyo siyo sawa hata kidogo. Kama vitanda havifanani basi aidha bei isifanane au mteja aoneshwe achague mwenyewe.

Na havifanani, sababu yake unaiona ukisimama tu kituoni ukaangalia behewa kutoka nje. Magurudumu hayajasambaa urefu wote wa behewa, yako mafungu mawili, moja karibu na kila mwisho. Chukua behewa la kawaida la abiria la Ulaya, urefu wake ni mita 26.4 na kutoka kati ya fungu moja la magurudumu mpaka kati ya lingine ni mita 19, maana yake kila fungu liko kama mita tatu na nusu au zaidi kidogo kutoka mwisho wa behewa. Piga hesabu vyumba viko wapi. Ukipewa cha kwanza, cha pili, au viwili vya mwisho, umelala juu ya magurudumu kabisa, ni sakafu tu na godoro ndo vimewatenganisha. Kila treni inapobadilisha njia kuingia kituoni, kile kishindo cha chuma kinachopita chini kinakufikia wewe kwanza. Na reli za zamani zile zilizounganishwa kwa bolti zina kiupenyo kidogo pale zinapokutana ili chuma kipate nafasi ya kutanuka kwenye joto, ndo ule mlio wa tu-tum tu-tum tunaoujua wote, katikati ya behewa unakuja kwa mbali mpaka unakubembeleza, juu ya magurudumu unakuja kama mtu anagonga godoro kwa chini. Ukiongeza na behewa lenyewe linavyopepea kushoto kulia, mwisho unapepea kuliko katikati, ni kama umeshika rula katikati ukaitikisa, ncha ndo zinazunguka sana. Ukiongeza na pale mabehewa yanapoungana, treni ikiondoka au ikifunga breki ule mvuto unapita kutoka behewa hadi behewa na wewe uko pale pale kwenye kiungo.

Kwahiyo mimi saivi naanza na katikati, alafu daraja, alafu juu au chini. Kwa mpangilio huo.

Kuipata katikati siyo kazi kubwa kama unajua namba zinavyokwenda, na kila nchi ina mtindo wake. India kwenye yale mabehewa ya kulala ya vitanda 72 namba zinakwenda nane nane, ya 1 chini, 2 kati, 3 juu, 4 chini, 5 kati, 6 juu, alafu 7 na 8 ni vile vya ng'ambo ya korido vinavyolala sambamba na dirisha, 7 chini 8 juu, na unaanza upya 9 ni chini tena. Sehemu ziko tisa kwahiyo ya katikati kabisa ni ya tano, namba 33 mpaka 40. Urusi behewa la vyumba lina vitanda 36, vyumba tisa vya watu wanne wanne, witiri ni vya chini na shufwa ni vya juu, katikati ni 17 mpaka 20. Lile lao la wazi lina vitanda 54, 1 mpaka 36 viko kwenye zile sehemu za wanne na 37 mpaka 54 viko pembeni ya korido, na 37 na 38 ndo vimekaa pale choo kilipo, ukiona namba hizo kwenye tiketi rudisha kama bado unaweza. Kitu kingine cha kule, kwenye mabehewa ya zamani dirisha la chumba cha tatu na cha sita ni la dharura na halifunguki kawaida, sasa kama behewa halina AC na ni kiangazi chumba cha tatu kinaweza kuwa karibu na katikati lakini utapikika humo. Cha tano hakina hilo tatizo. Ndo mana nakipenda cha tano.

Haya, tuje kwenye juu na chini.

Kitanda cha chini watu wanakigombania na ninaelewa. Una dirisha lako, mizigo iko chini yako umeilalia hakuna wa kuigusa bila kukuamsha, ukitaka kwenda chooni unateremsha miguu basi, na treni ikiyumba wewe unayumba kidogo tu kwa sababu behewa linapinda kutoka chini kwenda juu, aliye juu ndo anapepea zaidi. Hiyo ni kweli kabisa na ukiwa mtu wa kichefuchefu chukua chini usijiulize mara mbili. China kwenye vitanda vyao vya ngazi tatu cha chini ndo ghali zaidi, cha kati kinafuata, cha juu kabisa ndo rahisi. Hata zamani Marekani kwenye mabehewa ya George Pullman, yule aliyeanza kugeuza mabehewa ya kukaa yawe ya kulala mwaka 1859, baadaye walipokuwa wanauza chini na juu kwa bei tofauti, cha chini ndo kilikuwa ghali.

Ila kuna jambo hawakwambii. Kitanda cha chini mchana siyo chako. Ni benchi la watu wote. Wa juu na wa kati wanashuka wanakaa hapo, wana haki, wangekaa wapi sasa, wanaweka vikombe kwenye meza yako ndogo, wanaongea, na wewe ukitaka kujinyoosha saa tisa mchana kwa sababu usiku hukulala unaomba ruhusa kwenye kitanda ulicholipia. Usiku nao mpaka wa mwisho apande ndo unapata nafasi ya kulala. Safari ya usiku mmoja hii haikusumbui, unapanda jioni unashuka asubuhi. Safari ya usiku mbili tatu inachosha sana kama wewe ni mtu unayehitaji kona yako. Fikiria ile ya Moscow mpaka Vladivostok, kilomita 9,288, karibu wiki nzima ndani ya behewa, hapo benchi la watu wote siyo jambo dogo tena.

Cha chini nakipa saba kwa kumi. Kwa mzee, mjamzito, mtu mwenye mtoto mdogo au mwenye magoti mabovu nakipa kumi kwa kumi na sitaki ubishi.

Cha kati, pale ambapo kipo, nakipa nne. Nimelala mara tatu na mara zote nimeamka na mkwaruzo kwenye kiwiko. Mchana kinakunjwa kinakuwa egemeo la waliokaa chini, usiku kinanyanyuliwa kinashikizwa na minyororo miwili, na ile minyororo, sijui kama wengine wameliona hili, ina kile kipete cha mwisho kinachogonga fremu kila behewa likitikisika, ting, ting, ting, karibu kabisa na sikio. Dawa yake ni soksi, izungushe pale kwenye pete uifunge fundo, inanyamaza kabisa. Kukaa huwezi, kichwa kinagonga cha juu, unasoma umelala chali, unavaa suruali umelala chali. Na hulali unapotaka, unalala wenzako wakikubali kukinyanyua. India wameliwekea sheria hilo, kitanda cha kati kinanyanyuliwa kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, nje ya hapo aliye chini ana haki ya kukaa wima, na mimi naona ni sheria ya busara maana imewapunguzia watu ugomvi ambao haukuwa na sababu. China cha kati hakikunjwi, kipo tu muda wote na nafasi yake siyo mbaya, kwahiyo pale alama zinapanda mpaka sita.

Cha juu sasa. Mimi ni mtu wa juu na najua nitapingwa.

Unapanda saa yoyote unalala saa yoyote. Hakuna anayekukalia, hakuna anayekugusa mguu akipita, hakuna anayekuuliza dada naomba kupitisha begi. Kwenye vyumba vingi juu ya korido kuna nafasi kubwa ya mizigo inayofikika kutoka kitanda cha juu, begi langu linaingia zima na liko usawa wa macho yangu. Mchana nikitaka dirisha nashuka nakaa chini na wenzangu tunaongea, nikichoka napanda napotea, hiyo hiari ya kwenda na kurudi ndo ninayoilipia. Kasoro zake zipo na ni za kweli. Dirisha huna mara nyingi, unasikia treni imesimama hujui ni wapi. Joto linapanda juu kwahiyo behewa lisilo na AC mchana pale juu ni tanuri, na behewa lenye AC tundu la hewa mara nyingi liko darini, linakupuliza usoni usiku kucha, kwahiyo ukilala juu beba kofia au kitambaa cha kichwa hata kama nje ni jua kali, mimi nimewahi kuamka sauti imekauka kabisa kwa sababu ya tundu moja. Kupanda nako kuna ngazi za aina nyingi, zipo nzuri za ndani ya chumba zenye kanyagio pana, na zipo zile za vyuma viwili tu vimetoka ukutani, ukishuka gizani na soksi unateleza. Shuka ukiangalia ukuta kama unavyoshuka ngazi ya dari, usishuke ukiangalia nje. Na kagua ule mkanda wa kukuzuia usidondoke kabla hujazima taa, uvute kwa nguvu, kama haujashikana mwambie mhudumu hapo hapo.

Cha juu katikati ya behewa, tisa kwa kumi. Cha juu mwisho wa behewa, tatu, maana unapepea mara mbili, kwa sababu uko juu na kwa sababu uko mwisho.

Vile vya pembeni ya korido kwenye mabehewa ya wazi nitasema kwa ufupi, ni vyembamba na vifupi kuliko vingine, mtu mrefu anakunja magoti, ila ukiwa peke yako na hutaki kuwa sehemu ya familia ya watu wanne waliokaa pamoja, vina utulivu wake. Ukinunua tiketi India ikaandikwa RAC ujue maana yake mnagawana hicho cha chini watu wawili mmekaa mnaangaliana mpaka nafasi ipatikane. Usije ukafika ukashangaa.

Kwa mwelekeo wa mwili, hili nimeliona mwenyewe na linategemea mtu. Vitanda vingi vya vyumbani vimekatiza behewa, kichwa dirishani miguu mlangoni au kinyume chake, kwahiyo breki zikifungwa unabingirika ubavu. Vile vinavyofuata urefu wa treni, kama vya pembeni au vile vya Marekani ambapo viti viwili vinavyotazamana vinavutwa vinakuwa kitanda na kingine kinashuka kutoka darini, breki zikifungwa unateleza kuelekea kichwani au miguuni na kona ndo inakubingirisha. Mimi nalala vizuri zaidi vile vilivyokatiza. Na mabehewa yao ya ghorofa kule yanayoitwa Superliner kitanda cha juu hakina dirisha kabisa, yale ya Viewliner ya ghorofa moja kina dirisha lake, sasa ukiwa unachagua juu hiyo ni tofauti kubwa. Ukipata vyumba vya ghorofa ya chini kwenye hayo Superliner chukua, kule chini kunayumba kidogo na hakuna watu wanaokatiza kwenda behewa jingine maana njia ya kupita iko ghorofa ya juu.

Niingize na hili la Austria. Treni zao za usiku za Nightjet za kizazi kipya zilizoanza Desemba 2023 kutoka Hamburg kwenda Vienna na Innsbruck zina vyumba vidogo vya mtu mmoja mmoja, unaingia kama kwenye droo, mlango wako, taa yako, kabati lako la begi na viatu. Kwa msichana anayesafiri peke yake nadhani huo ni mpango wa maana kuliko kitu chochote kilichobuniwa kwenye mabehewa ya kulala kwa muda mrefu, maana hofu yetu kubwa haijawahi kuwa godoro, ni nani amelala kitanda cha pili. Pale ambapo hakuna hivyo vyumba uliza kama kuna chumba cha wanawake watupu, treni nyingi zinacho na huwa hawakitaji mpaka uulize.

Sasa mama. Mwaka juzi nilisafiri naye, ana miaka sitini na kitu na goti la kulia linamsumbua, na mimi kwa uzembe nikakata tiketi siku mbili kabla, vikabaki vya juu tu viwili. Nikasema tutaomba tukifika. Tumeingia chumbani wamo kijana mmoja na mwanaume wa makamo, wote wana vya chini, mama akaangalia ile ngazi ya vyuma viwili hakusema kitu, akakishika tu kile chuma cha kwanza kama anayepima uzito wake, alafu akaachia mkono. Yule kijana alikuwa ameshavua viatu ameshatandika. Akanyanyuka akakunja shuka yake akasema, "Mama wewe kaa hapa, mimi napanda." Hata sikuomba. Nilimshukuru mpaka akaona aibu. Ila usiku kucha nikiwa juu nilikuwa nafikiria kama angekuwa mtu mwingine ingekuwaje, kwa sababu yule kijana alikuwa amelipia kitanda chake na hakuwa na deni lolote kwetu. India wazee, wajawazito na wanawake kuanzia miaka 45 wametengewa vitanda vya chini kwenye mfumo wenyewe wa kukata tiketi, na natamani kila shirika la treni lifanye hivyo, jambo hili lisibaki kutegemea nani kapangwa na nani.

Kwa wanaokaa kwenye viti bila kulala, kanuni ya katikati ni ileile na inafanya kazi hata zaidi maana mlango wa mwisho ukifunguka baridi yote na vumbi lote ni lako. Mengine ni haya. Kiti kinachoangalia mbele ni kizuri lakini usikilipie zaidi kabla hujajua njia, kuna vituo vikubwa ambavyo reli zinaishia hapo hapo, kama Frankfurt, treni inaingia alafu inatoka kinyumenyume, kwahiyo aliyeangalia mbele anaangalia nyuma safari yote iliyobaki. Dirisha nalo siyo kila kiti cha dirishani kina dirisha. Vingine vimekaa sawa na nguzo ya ukuta, unaangalia plastiki ya kijivu masaa tisa. Ukiweza kuona picha ya behewa kwa ndani angalia viti na madirisha vinapishanaje, mara nyingi viti vyenye meza katikati ndo vimepata dirisha zima, ila miguu mnagawana na anayekutazama. Jua pia. Treni inayokwenda kusini asubuhi jua linapiga kushoto na jioni linapiga kulia, inayokwenda kaskazini ni kinyume chake, safari ya mchana mzima kwenye behewa lisilo na pazia hilo linaweza kuamua ufike na kichwa kinauma au hakiumi. Mimi safari inayoanza asubuhi na kuisha saa nane nachagua kivuli cha asubuhi basi, sihangaiki na jioni ambayo sitakuwepo.

Na behewa lipi kwenye treni nzima? Usiwe la kwanza nyuma ya injini, honi inapigwa kila makutano ya barabara na usiku inapigwa vilevile. Usiwe la pembeni ya behewa la kulia chakula kama unataka kulala mapema, njia ni hiyo moja na watu wanapita mpaka usiku. Usiwe la mwisho kabisa, linatikisika na kwenye vituo vifupi unakuta jukwaa limeisha unashukia kwenye kokoto. Behewa mbili tatu kutoka la chakula ndo sawa, unakwenda kula bila safari na harufu haikufuati.

Cha kufanya dirishani pa kukatia tiketi ni kusema maneno kamili, usiseme tu naomba pazuri, pazuri kwa muuzaji ni popote palipobaki. Sema naomba katikati ya behewa, mbali na choo pande zote mbili maana mabehewa mengi yana choo huku na huku, juu au chini, mwanamke. Kama ni kwenye simu na ramani haionekani, kata mapema uangalie namba, ikiwa ndogo sana au kubwa sana piga simu waombe wabadilishe. Mara mbili nimeomba hivo nikabadilishiwa bila kuongeza hela, mara moja wakagoma.

Safari ijayo ni ya mwezi ujao na tunakwenda tena na mama, safari hii nimekata wiki sita kabla. Vyumba tisa, tumepata cha tano. Yeye chini upande usiopigwa na jua la asubuhi, mimi juu yake. Nimeshaweka kwenye begi soksi moja ya akiba, kamba nyembamba mita mbili, na kofia ya kulalia kwa ajili ya lile tundu la AC.